Msomaji wa kwanza wa mswada hutafuta nini?

KATIKA mji mdogo wa Sanya Juu, wilayani Siha, kama ilivyo katika miji mingi ya nchi hii, mtu anayeandika kitabu huandika peke yake. Anaweza kuwa mwalimu mstaafu mwenye madaftari sita ya riwaya, muuguzi aliyeweka kumbukumbu za miaka yake ya kazi, au kijana aliyepanda na kushuka Mlima Kilimanjaro akiwa amebeba mizigo ya watalii. Kuandika anaweza. Kinachomshinda ni hatua inayofuata. Mswada umekamilika, aupeleke kwa nani, na huyo atakayeupokea atakuwa anatafuta nini ndani yake?

Uingereza na Marekani swali hilo lina jibu la kawaida. Kati ya mwandishi na mchapishaji husimama mtu anayeitwa wakala wa fasihi. Kazi yake ni kusoma miswada, kuchagua michache anayoiamini, kumsaidia mwandishi kuirekebisha, kisha kuitafutia mchapishaji na kujadili mkataba kwa niaba ya mwandishi. Wengine wangemwita dalali wa miswada, na hilo si tusi. Kama dalali yeyote, halipwi mpaka mali iuzwe: kwa kawaida huchukua asilimia 15 ya mapato ya mwandishi katika soko la nyumbani, na asilimia 20 hivi kwa haki zinazouzwa nchi za nje. Kazi hiyo ilianza kupata sura mjini London mwishoni mwa karne ya 19, na Mskochi A. P. Watt, aliyekuwa akitoza asilimia 10, huhesabiwa kuwa miongoni mwa waanzilishi wake.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ana mawakala wake London. Lakini Gurnah huandika kwa Kiingereza. Kwa anayeandika kwa Kiswahili hali ni nyingine, kwani wakala wa London, hata awe na nia njema kiasi gani, kwa kawaida hawezi kuusoma mswada huo, na nyumbani kazi ya uwakala wa fasihi haijajengeka. Kwa sababu hiyo mwandishi wa Sanya Juu analazimika kuwa wakala wake mwenyewe, yaani kuusoma mswada wake kwa jicho la mtu asiyemjua, na kwa ukali uleule.

Asipofanya hivyo, kuna njia ya mkato inayomsubiri, nayo ni ya gharama. Kiswahili kina maneno mawili yanayofanana mno kwa sauti: mchapaji na mchapishaji. Mchapaji ni mwenye mtambo. Humlipa kwa kazi ya kutia wino kwenye karatasi, naye hukukabidhi maboksi yako. Mchapishaji ni mwenye mtaji. Huuchagua mswada, huuhariri, huugharimia, huusambaza, na ndiye anayekulipa wewe. Tofauti ya silabi moja imewatoa watu wengi akiba ya mavuno ya kahawa na mafao ya kustaafu. Mtu huamini amepata mchapishaji, kumbe amepata mchapaji mwenye maneno mazuri, na miaka miwili baadaye maboksi ya vitabu yangali chini ya kitanda.

Kipimo chake si kigumu: tazama fedha zinaelekea upande gani. Wakala wa kweli hatozi ada ya kusoma, na mchapishaji wa kweli hamdai mwandishi gharama za uchapaji huku akijitangaza kuwa ndiye mwekezaji. Anayechapa kwa fedha zake hafanyi kosa lolote, ili mradi ajue kwamba ameingia katika biashara ya vitabu, na kwamba kazi ya kuhariri, kuhifadhi, kusafirisha na kudai madeni ya maduka imekuwa yake.

Kwa wanaotaka njia ndefu, msomaji wa kwanza nchini huwa mhariri wa kampuni ya uchapishaji au jaji wa mashindano. Kampuni zipo. Mkuki na Nyota ilianzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, baada ya miaka mingi ya kuongoza Tanzania Publishing House. E & D ilianzishwa na wanawake wawili, Elieshi Lema, mwandishi mzaliwa wa Kilimanjaro, na Demere Kitunga; riwaya ya Lema, Parched Earth, ilitolewa na kampuni hiyo mwaka 2001.

Kwa upande wa mashindano, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianzishwa mwaka 2022 chini ya uratibu wa Taasisi ya Elimu Tanzania, na washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 13, 2023. Tuzo iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na ambayo sasa inajulikana kwa jina la Safal, hupokea miswada ya Kiswahili kutoka popote.

Mashindano si mgeni katika fasihi yetu. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58 kabla ya kutolewa kitabu mwaka 1960. Si vigumu kuona kilichoitofautisha. Badala ya ngano au hadithi ya maadili, ilileta mpelelezi, Bwana Msa na kiko chake, mtu anayefumbua jambo kwa kufikiri. Msomaji alikuwa anajua kwamba hajawahi kukutana na mtu huyo katika Kiswahili.

Hicho ndicho kitu cha kwanza kinachotafutwa katika riwaya, na ndicho kigumu kueleza. Mawakala hukiita sauti. Maana yake ni kwamba baada ya kurasa mbili msomaji anasikia kuwa anayesimulia ni mtu fulani na si mtu yeyote. Ufasaha peke yake hautoshi. Miswada mingi yenye Kiswahili safi hurudishwa kwa sababu ingeweza kuwa imeandikwa na yeyote aliyefaulu somo la Kiswahili.

Cha pili ni ukurasa wa kwanza. Wakala hupokea miswada mingi kuliko anayoweza kuimaliza, hivyo hasomi ili aone kama kitabu kitakuja kuwa kizuri mbele ya safari. Anasoma mpaka pale anapopata sababu ya kuacha. Mwandishi wa Sanya Juu hujaribiwa sana kuanza na jua linalochomoza nyuma ya Kibo, ndege wakiimba, umande ukimetameta juu ya migomba, na mhusika akiamka na kujinyoosha. Mandhari hiyo ni ya kweli kabisa, kwani ukiwa Sanya Juu jua hutokea upande wa mlima. Lakini msomaji wa miswada ameliona jua hilo likichomoza mara nyingi mno.

Chukua mfano wa kubuni. Msichana ameuza mbuzi wa baba yake sokoni Sanya Juu, na sasa yuko njiani kurudi nyumbani bila fedha. Hapo hakuna mandhari yoyote bado, lakini tayari kuna mtu, kuna hofu, kuna saa chache zilizobaki, na kuna swali ambalo msomaji atageuza ukurasa ili alijibu. Mlima unaweza kuja baadaye, akiutazama huku akitafuta uongo wa kumwambia baba yake.

Hiyo inaelekea kwenye jambo la tatu: mhusika anayetaka kitu. Miswada mingi chipukizi ina mhusika anayetendewa tu. Anazaliwa maskini, anafiwa, anateswa na mama wa kambo, anapata ufadhili, anafaulu, anarudi kuwasamehe wote. Matukio yapo tele, ila hakuna hata moja linalotokana na uamuzi wake. Msomaji mzoefu hupima kwa kuuliza kati ya sura moja na nyingine pana neno gani. Ikiwa ni "halafu", mswada una orodha ya matukio. Ikiwa ni "kwa hiyo" au "lakini", mswada una hadithi.

Kuhusu mafunzo, hapa pana mjadala wa kweli. Fasihi ya Kiswahili imekulia katika kufundisha, na Shaaban Robert hakuona aibu kuwapa wahusika wake majina yanayotaja tabia zao. Si haki kumwambia mwandishi wa Kitanzania aache kuwa na neno la kusema kwa sababu tu mawakala wa New York hawapendi mahubiri. Hata hivyo, mhariri wa hapa pia huchoka anapokuta ukurasa wa mwisho umegeuka kuwa barua kwa vijana. Funzo likiwa limetendeka ndani ya hadithi, kulitamka tena ni kumwonyesha msomaji kwamba humwamini.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba riwaya hutakiwa iwe imekamilika kabla ya kutumwa. Wakala hawezi kuuza nusu ya riwaya ya mtu asiyejulikana, kwa kuwa wengi huanza vizuri na wachache humaliza vizuri. Kinachotumwa kwanza ni barua fupi ya utambulisho, muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili, na sura tatu za mwanzo; mswada mzima hutumwa ukiombwa. Na muhtasari sio tangazo la filamu. Anayeandika "Je, Neema ataokoka? Soma ujionee" amekosea mlango. Mhariri anataka kujua kama Neema ataokoka, na kwa njia gani, kwa sababu anapima kama mwandishi ameweza kuufunga mzigo alioufungua.

Urefu nao huwatia watu wasiwasi bure. Mawakala wa Kiingereza hutaja riwaya ya maneno 80,000 hadi 100,000. Kiswahili hakihesabiki hivyo. Neno moja kama "hawakutuambia" lingehitaji maneno kadhaa ya Kiingereza, hivyo hadithi ileile huwa na maneno machache zaidi kwa Kiswahili. Cha kufuata ni masharti ya kampuni au shindano husika.

Tukija kwa vitabu vya mambo halisi, yaani historia, wasifu, tawasifu, safari, afya au kilimo, mambo hubadilika. Huko nje, kitabu cha aina hii kinaweza kuuzwa kabla hakijaandikwa. Wakala husoma pendekezo la kitabu: maelezo ya hoja yake, mpangilio wa sura, sura moja au mbili za mfano, vitabu vingine vilivyopo kuhusu jambo hilo, na maelezo kuhusu mwandishi. Tawasifu peke yake hutendewa kama riwaya. Inatakiwa iandikwe yote kwanza, kwa sababu inasimama au kuanguka kwa usimulizi. Lakini katika pendekezo lolote yapo maswali mawili yanayorudi: kwa nini kitabu hiki sasa, na kwa nini kiandikwe na wewe?

Swali hilo la pili ndilo linalowatisha watu wa mbali na miji mikubwa. Wengi hudhani linauliza shahada. Historia ya ukanda huohuo wa Sanya inaonyesha vingine.

Mwaka 1951 utawala wa Kiingereza uliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi iliyo kati ya Mlima Meru na Kilimanjaro, upande wa Sanya, iwe eneo moja la mashamba ya walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, Mmeru, alikwenda New York kuwasilisha malalamiko ya watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa na ofisi yake Moshi. Watu hao wawili ndio walioandika The Meru Land Case, kitabu kilichotolewa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1967.

Kwa macho ya wakala, pendekezo la kitabu hicho lingejijibu lenyewe. Mmoja wa waandishi alikuwa ndani ya tukio. Mwingine aliijua kesi kwa undani wa kisheria. Jambo lenyewe lilikuwa limetokea mahali padogo, lakini lilihusu swali kubwa: koloni lililo chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa linaweza kumwondoa mtu katika ardhi yake kwa hoja gani? Hapo ndipo udogo wa mahali ulipogeuka kuwa nguvu. Msomaji wa Lagos au Stockholm hakuhitaji kuijua Engare Nanyuki ili aelewe kilichokuwa hatarini.

Mfano mwingine uko upande wa pili wa mlima. Petro Itosi Marealle, aliyekuwa mtawala wa jadi upande wa Vunjo, alitoa Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera mwaka 1947, na kitabu hicho kilirudishwa madukani na Mkuki na Nyota mwaka 2002. Wageni walikuwa wameandika mengi kuhusu Wachagga kabla yake. Alichokuwa nacho yeye ni kuzijua desturi hizo kutoka ndani na kuzieleza kwa Kiswahili, lugha ambayo Watanganyika wenzake wangeisoma. Kitabu kinachorudi sokoni baada ya zaidi ya nusu karne ni kitabu kilichojibu vizuri swali la nani aandike.

Siha ya leo ina vitabu vya namna hiyo ambavyo mtu wa Dar es Salaam hawezi kuviandika kwa urahisi. Hospitali ya Kibong'oto, iliyoanza miaka ya 1920 kama kituo cha kutibu kifua kikuu, imeshuhudia kwa karibu karne nzima ugonjwa huo ukitoka katika zama za kutengwa na hewa ya mlimani hadi zama za dawa, kisha usugu wa dawa. Muuguzi aliyefanya kazi humo ana jibu la swali la "kwa nini wewe" hata kabla hajaulizwa. Vilevile kijana anayepitia lango la Londorossi na kundi la wagumu, kama wapagazi wa mlima wanavyojiita, anajua upande wa Kilimanjaro ambao vitabu vingi vya wapanda mlima huutaja kwa aya moja ya shukrani.

Lakini kuwa na habari si kuwa na kitabu. Kosa linalojirudia katika tawasifu za hapa nchini ni kufuata mpangilio wa faili la ajira: kuzaliwa, shule ya msingi, kituo cha kwanza cha kazi, uhamisho, kupandishwa cheo, kustaafu, shukrani kwa wakubwa wote waliowahi kumsaidia. Jirani atakinunua kwa heshima. Mhariri atauliza kitabu kinahusu nini, na jibu la "maisha yangu" halitamtosha. Muuguzi huyo angefanya vyema zaidi kuchukua wodi moja na miaka michache, na kuonyesha jinsi mgonjwa alivyopokewa, alivyolala, alichokula, na familia yake ilivyokuja au ilivyoacha kuja.

Hapo pia ndipo msomaji wa mswada huanza kudai ushahidi. Tarehe zimetoka wapi? Barua na picha ni za nani, na wenyewe wameruhusu? Siri ya mgonjwa haiishi kwa kustaafu kwa muuguzi, na kubadilisha jina peke yake hakutoshi iwapo kijiji kizima kitamtambua kwa maelezo mengine. Mchapishaji makini hukataa mswada mzuri kwa sababu hizo, kwa kuwa akishitakiwa yeye ndiye mwenye anwani.

Vitabu vya historia ya ukoo vinastahili kutajwa kando. Mkoani Kilimanjaro, ambako kihamba na ukoo vina uzito wake, watu wengi huandika kuhusu babu walikotoka na nani alimzaa nani. Ni kazi yenye thamani, ila soko lake ni ukoo wenyewe, na kuipeleka kwa mchapishaji wa Dar es Salaam ni kutafuta kukataliwa. Hii ni kazi ya mchapaji. Ukoo uchangishane, nakala zitoke kwa idadi ya watu, na zigawiwe Desemba wakati wana wa ukoo wamerudi nyumbani.

Lugha ni kichujio kisicho na huruma. Mswada wenye "harafu" badala ya "halafu", "apo" badala ya "hapo", au "hasante" badala ya "asante" humfanya mhariri aanze kuhesabu gharama badala ya kufuata hadithi. Matamshi ya nyumbani hayamwaibishi mtu, lakini katika maandishi yanasahihishika kwa kamusi na kwa rafiki mmoja mwenye jicho kali. Maneno ya Kichagga au ya Kimaasai hayana tatizo lolote; mbege ibaki mbege na mfongo ubaki mfongo, ili mradi sentensi yenyewe imwonyeshe msomaji wa Mtwara kwamba mfongo ni mfereji wa kumwagilia. Orodha ya maana za maneno mwishoni mwa riwaya ni dalili kwamba sentensi hazikufanya kazi hiyo.

Madaftari hayatumwi. Mswada upigwe chapa kwenye kompyuta, mistari iachane, kurasa ziwe na namba, na jina la mwandishi na simu viwe ukurasa wa mbele, isipokuwa pale shindano linapotaka jina lifichwe. Na nakala ibaki nyumbani. Mwaka 1957 Chinua Achebe alituma kutoka Nigeria nakala pekee ya riwaya yake, iliyoandikwa kwa mkono, kwa ofisi moja ya kupiga chapa mjini London. Miezi ikapita kimya. Iliokolewa na mkuu wake wa kazini katika utangazaji, ambaye akiwa likizoni Uingereza alikwenda ofisini hapo kuiulizia. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1958, na wasomaji wa Kiswahili waliipata baadaye kwa jina la Shujaa Okonkwo.

Kisa hicho, kama kile cha Ngũgĩ wa Thiong'o aliyemwonyesha Achebe mswada wake katika mkutano wa waandishi wa Makerere mwaka 1962, kinakumbusha kwamba pale ambapo mawakala hawakuwapo, kazi yao ilifanywa na watu wa karibu. Riwaya hiyo ya Ngũgĩ, Weep Not, Child, ilitolewa na Heinemann mwaka 1964. Mwalimu wa fasihi, mkutubi au mwandishi aliyetangulia bado anaweza kuwa daraja hilo. Asiombwe kusifu. Aombwe kuonyesha ukurasa aliochoka.

Mhariri wa Tanzania ana swali moja ambalo wakala wa London hana: je, kitabu hiki kinaweza kuingia shuleni? Kwa wachapishaji wengi shule ndiyo soko, na maduka ni nyongeza. Tangu kamati ya zamani ya kuidhinisha vitabu, EMAC, ivunjwe mwaka 2013, mamlaka juu ya vitabu vya kiada yamerudi kwa Taasisi ya Elimu, na vitabu vya ziada navyo huhitaji idhini. Kwa sababu hiyo, mandhari ya mapenzi yaliyoandikwa waziwazi yanaweza kumfanya mhariri asite hata kama ameyapenda. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mwaka 1971, ilizuiwa shuleni kabla ya kuja kusomwa darasani. Mwandishi hana haja ya kujikata ulimi kwa ajili hiyo, lakini ni vizuri ajue kilichomo katika hesabu za mtu anayemwandikia.

Barua ya utambulisho iwe fupi: kitabu ni cha aina gani, kina urefu gani, kinahusu nini kwa sentensi mbili tatu, na mwandishi ni nani kwa kadiri inayohusu kitabu. Kusema kwamba mke, watoto na mchungaji wamekipenda hakuongezi kitu. Kutaja vitabu viwili vilivyotoka miaka ya karibuni vinavyofanana nacho, na kinapotofautiana navyo, huongeza sana, kwani kunaonyesha kuwa mwandishi ni msomaji pia.

Baada ya hapo ni kungoja, na miezi kadhaa ni jambo la kawaida. Hata Kufikirika ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya mwandishi wake kufa. Kuuliza kwa upole baada ya miezi mitatu si kero. Kupeleka mswada kwa kampuni mbili au tatu kwa pamoja si kosa, mradi zote ziambiwe.

Jibu likiwa ni ndiyo, kazi ya mwisho ya wakala huangukia tena mikononi mwa mwandishi, nayo ni kusoma mkataba. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi inalindwa tangu inapoandikwa, na ulinzi huo hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada yake. Kuisajili COSOTA husaidia kuwa na ushahidi. Mrabaha huzunguka asilimia 10 mara nyingi, ila lazima iulizwe: asilimia 10 ya nini, bei ya dukani au fedha inayomfikia mchapishaji? Haki za tafsiri, filamu, redio na kitabu cha sauti zitajwe moja moja, kwa sababu mkataba unaosema "haki zote" umezichukua zote, hata zile ambazo kampuni haina mpango wa kuzitumia. Tafsiri ya Kiswahili ya Paradise ya Gurnah, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, ilikuja karibu miaka 30 baada ya riwaya yenyewe kutoka mwaka 1994. Haki inaweza kulala muda mrefu na kuamka na thamani. Na kuwe na kifungu kinachosema kwamba kitabu kikikosekana madukani kwa muda uliotajwa, haki zitarudi kwa aliyekiandika.